Gombo la chura: dola 35, na kioo sikuweka

Kazi yangu ni kadre, yaani fremu za picha. Miaka 22 niko Kamalondo, hapa Lubumbashi, natia kioo juu ya diploma, picha za harusi na picha za marehemu. Ndiyo maana nilipoliona gombo hili la Kijapani, shairi la brashi la kutundika ukutani, kwa muuzaji mmoja wa mitumba, komini ya Kenya hapa hapa mjini, wazo langu la kwanza lilikuwa baya: nikate karatasi ya katikati, nitupe vitambaa, niitie kioo, niuze.

Lilikuwa limetundikwa kichwa chini, katikati ya jiko la umeme la kupikia mchele na rundo la viatu. Muuzaji hupokea bidhaa zinazokuja pamoja na magari ya Japani, kupitia Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa. Aliniambia, "Papa, hii njo ya Bachina, inaletaka baraka mu nyumba." Alitaka dola 60. Nikampa 35, naye akaniongezea kisanduku chake cha mbao nyepesi.

Nyumbani nililikagua kama kazi ya fundi mwenzangu. Urefu mita 1.85, upana sentimita 42. Kwa lensi sikuona vile vidoto vya mashine ya kuchapa. Maandishi yanashuka kutoka juu, mistari ikihesabiwa kuanzia kulia, na wino una mwendo wake: mweusi ti, unafifia brashi inapokauka, halafu mweusi tena pale mwandishi alipochovya. Unaweza kuhesabu alichovya mara ngapi. Mimi nilihesabu tatu.

Lakini kilichonishika ni kazi ya kulibandika. Hakuna ubao wala triplex. Nyuma ya karatasi ya shairi kuna karatasi nyingine nyembamba, pembeni kitambaa cha hariri, juu kijiti chenye kamba, chini mti wa duara. Uzito wa mti huo ndio unaolivuta gombo linyooke, na ndio unaoviringishia ukitaka kulishusha, kama mkeka. Mafundi wa Japani hubandika kwa gundi ya wanga wa ngano, nyepesi kama uji wa mtoto, ili baadaye fundi mwingine aweze kulowesha, abandue, abandike upya. Hapo nilinyamaza. Gundi yangu mimi, ukijaribu kubandua diploma, unabandua na jina la mwenyewe.

Kasoro zipo. Mikunjo miwili inakata maandishi kwa upana, na kwenye kona kuna doa la rangi ya chai. Utepe mmoja kati ya miwili inayoning'inia kutoka juu umekaa upande.

Shairi lenyewe nilisomewa na mpwa wangu anayesoma Japani. Nilimtumia picha, akamwonyesha mwalimu wake, maana hata yeye mwandiko huo wa haraka ulimshinda. Ni la Bashō, mshairi wa Japani, la mwaka 1686: bwawa la kale, chura anaruka ndani, mlio wa maji. Silabi 17, kwa vipande vya 5, 7 na 5. Mke wangu alisubiri niendelee. "Njo hii tu?" Ndiyo hiyo tu. Bashō mwenyewe alifariki mwaka 1694, hivyo huyu wa kwangu ni mwandishi mwingine aliyelinakili, na mhuri mwekundu ni wake. Jina Bashō maana yake ni mgomba, kwa ajili ya mgomba uliopandwa kando ya kibanda chake. Tangu hapo mke wangu anamwita Papa Ndizi. Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi: "Ba mu kanisa bakiona, batasema tunaweka dawa ku ukuta."

Nililitundika Agosti, kosa langu. Ukavu wa kiangazi chetu ukazikunja kingo kuelekea ndani kama jani la mhindi, na vumbi jekundu likaanza kukaa kwenye hariri. Mpwa akanicheka: huko hawaachi gombo ukutani mwaka mzima, hubadilisha kwa majira, na katika mashairi yao chura ni wa majira ya kuchipua. Basi nikaliviringisha, likarudi kisandukuni. Novemba, mvua ilipokolea na vyura wakaanza kelele mtaroni, nikalitundika tena, mbali na dirisha na moshi wa makaa. Kingo zimenyooka karibu kabisa.

Mteja mmoja ameliona, anatoa dola 80 nimtilie kioo. Nimekataa, na dola 80 si kidogo.

Muuzaji bado ana mawili. Lenye mlima limechapwa kwa mashine, vidoto vinaonekana hata bila lensi. Usizidishe dola 10. La pili lina maandishi ya mkono, ila wadudu wamelitoboa karibu na mti wa chini. Mwambie alifungue lote mpaka mwisho kabla hujatoa pesa.