Programu ya Kujifunza Kikrioli cha Haiti: Inamfaa Anayeanza, Inampunja Aliyelelewa Ughaibuni

Programu hii ya simu imejengwa juu ya dhana kwamba mtu ama anakijua Kikrioli au hakijui, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokosea. Katiba ya Haiti ya mwaka 1987 inatambua Kikrioli na Kifaransa kuwa lugha rasmi, na kutamka kwamba Kikrioli ndicho kinachowaunganisha Wahaiti wote. Hata hivyo, Kifaransa kimeendelea kutawala madarasani, kiasi kwamba si ajabu kumkuta mkazi wa Port-au-Prince anayekizungumza Kikrioli kwa ufasaha lakini akasitasita anapotakiwa kukiandika. Kijana aliyelelewa Miami au Brooklyn yuko upande mwingine: huenda anaelewa kila anachoambiwa na bibi yake, ila humjibu kwa Kiingereza.

Wote hawa hupimwa kwa mtihani uleule wa kuingilia, nao ni wa maandishi matupu. Matokeo yake, kijana anayefuata mazungumzo ya watu wazima bila shida anarudishwa kwenye salamu na majina ya rangi.

Kwa anayeanza kabisa, sina budi kuyasifu masomo ya sarufi. Kibainishi cha Kikrioli, yaani neno dogo linaloonyesha kuwa kitu kinachotajwa ni mahususi kama “the” ya Kiingereza, hukaa baada ya nomino na hubadilika kwa kufuata sauti yake ya mwisho, jambo linalowasumbua wengi. Hapa mwanafunzi husikia kwanza “tab la” (meza hiyo), “zwazo a” (ndege huyo), “chen an” (mbwa huyo) na “machin nan” (gari hilo) katika sentensi nyingi, ndipo aelezwe kanuni, kisha aandike mwenyewe kwa tahajia rasmi ya mwaka 1979. Nimeona vitabu vizito vikishindwa kulieleza suala hili vizuri namna hiyo.

Mazoezi ya kuzungumza ni dhaifu. Ukisema “m ap vini” (ninakuja) unahesabiwa umekosea, kwa kuwa mfumo unasubiri “mwen ap vini”, ilhali ufupisho huo ni wa kawaida kabisa vinywani mwa wenye lugha. Hili linaniudhi kweli, maana anayeadhibiwa ni yule aliyejifunza kwa wazazi wake.

Mpaka hapo kitakapowekwa kipimo cha kusikiliza, namshauri kijana wa ughaibuni aziruke sura za mwanzo na kuanzia masomo ya kusoma na kuandika, ambayo hufunguka hata kwa asiyefanya mtihani.