Tobia wa ndugu Guardi: kanisa la Angelo Raffaele, Venezia

Nyota tano. Ukishuka boti kituo cha San Basilio, kanisa hili liko mwendo mfupi kwa miguu, na juu ya mlango utaona sanamu ya malaika pamoja na Tobia na samaki wake. Watu wengi wakishaingia hukaza macho altareni, wakatoka bila kuona kilicho bora kuliko vyote humo. Geuka nyuma. Michoro iko juu ya mlango ulioingilia, kwenye ukingo wa roshani ya kinanda: turubai za rangi za mafuta, zilizochorwa karibu mwaka 1750 katika karakana ya ndugu Guardi, wachoraji wa Venezia.

Kisa ni cha Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunakisikia kwenye misa za ndoa. Kijana Tobia anasafiri na Rafaeli bila kujua kuwa ni malaika, anakamata samaki, anamwoa Sara, kisha anarudi nyumbani na nyongo inayomponya baba yake upofu.

Mimi ni fundi wa mabango, kwa hiyo nilitazama mkono kwanza. Nenda na darubini ndogo, maana ni juu. Utaona hakuna mstari unaozungushia umbo. Nguo zimepigwa brashi haraka haraka, rangi nyepesi juu ya nyepesi, pengine doa tupu limeachwa hivyo hivyo. Ukishusha darubini, madoa yanakusanyika yanakuwa bawa. Kupaka kwa kasi namna hiyo usiharibu, ni kazi ya mtu aliyeiva.

Mtu yupi, sasa? Kitabu cha watalii nilichobeba kimeandika Francesco Guardi, basi. Hapo sikubali. Francesco (1712–1793) anajulikana kwa mandhari za Venezia, na jina lake ndilo linalouza. Lakini mwenye karakana alikuwa kaka yake, Gian Antonio, aliyezaliwa 1699 na kuirithi kwa baba yao Domenico aliyefariki 1716. Jemadari Schulenburg, mkusanyaji wa michoro, alimlipa Gian Antonio miaka mingi kwa nakala za kazi za wachoraji wakubwa. Mwaka 1756 alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza wa Akademia ya Venezia, chama cha wasanii, chini ya rais wake, mchoraji Giambattista Tiepolo, shemeji yao, mume wa dada yao Cecilia. Gian Antonio alifariki 1760, na ni baada ya hapo ndipo Francesco alipojikita kwenye mandhari.

Wanaomtetea Francesco huonyesha miti na anga zilizo nyuma ya watu, na kweli zinafanana na kazi zake za baadaye. Mimi nimejifunza ufundi kwa kaka yangu. Yeye huweka sura na mikono, mimi hujaza anga, na siku ya kukabidhi bango mteja hapewi orodha ya nani kapaka wapi. Wasia mmoja wa mwaka 1731 unataja nakala za “ndugu Guardi” tu, kwa pamoja. Hilo ndilo jina ambalo ningeliandika kwenye kibao, nikiongeza kwamba watu hawa, sura na mikono, naviona ni vya Gian Antonio.

Jirani yake ni kanisa la San Sebastiano, lenye dari zilizochorwa na Veronese, mchoraji wa karne ya 16. Anza na Guardi, macho yakiwa bado mapya, kisha vuka kwa Veronese.