Kanga ya bibi yangu si tambara

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa sasa nikisema itapoa. Haijapoa. Kila nikipita sebuleni na kuiona ile fremu imeegemea ukutani, macho yanakwenda moja kwa moja chini, pale palipokatwa. Basi naandika, ili wenzangu mnaotengeneza kolaji, yaani picha za kubandika vitu, hapa Dar msome kabla hamjamwachia mtu kazi yenu.

Duka silitaji. Lipo Kinondoni, wanauza vioo, fremu na picha za ukutani, na fundi mwenyewe anasifika. Aliyenielekeza kwake alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, simlaumu.

Mjue kwanza nilichompelekea. Ni basi. Lile Ikarus refu la UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, tuliloliita kumbakumba, lenye kiungo katikati kinachojikunja likikata kona. Bibi yangu alilipanda alfajiri na beseni la vitumbua kichwani, na alitusimulia vituko vya humo ndani mpaka sisi wajukuu tukalijua bila kuliona. Nilitaka nimtengenezee mama basi hilo, lakini liwe la ndotoni. Ubavu wake ni maganda ya viberiti vya Kibo, nimeyapanga moja moja. Magurudumu ni vizibo vya soda walivyoniokotea watoto wa jirani. Abiria wana vichwa vya stempu: samaki wa zile stempu za mwaka 1967 na vipepeo wa zile za 1973, nilizozibandua kwenye bahasha za babu kwa maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo dirishani anachungulia samaki, na nyuma yake kipepeo kasimama kashika bomba, siti zimejaa. Bahari kule nyuma ni vipande vya plastiki nilivyookota Coco Beach maji yakiwa yamekupwa. Kile kiungo cha basi nimekikunja kwa kadibodi ya boksi la viatu, mikunjo kumi na minne, ukikigusa kinacheza. Jumapili tatu zilikwisha kwenye mikunjo hiyo peke yake.

Na barabara linayopita basi hilo ni kanga ya bibi. Ni ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, imefuliwa mpaka imekuwa laini ukiishika husikii kama umeshika kitu. Nilichukua ukanda mmoja tu, wenye jina: WEMA HAUOZI. Nilimwomba mama ruhusa bila kumwambia ni ya kazi gani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kata mwanangu, ila jina usiliguse." Mwenye kanga anaelewa. Una pindo la kuzunguka, una mji wa katikati, lakini jina, yale maandishi, ndilo linalosema. Mama akiingia duka la kanga Kariakoo anasoma jina kwanza, rangi baadaye, bei mwisho.

Sasa huyu fundi. Siku ya kwanza alinifurahisha mno, na hilo lazima niliseme. Aliigusa ile mikunjo kwa ncha ya kidole, ikacheza, akacheka kwa furaha kama mtoto. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, hii inataka fremu ya kina. Kioo kikiilalia, umeiua." Akaeleza kwamba kwa fukuto hili la Dar, karatasi ikigusana na kioo inashika unyevu, ukungu unaota, stempu zinaganda kwenye kioo na hazitoki tena. Ataweka vijiti vya mbao kuzunguka ndani, kioo kikae mbali. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza na kufafanua, na mtu keshaelewa yote! Tukakubaliana shilingi 45,000, nikatanguliza 25,000. Akapima kwa futi ya chuma, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono.

Kiganja. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu anayeshika gundi na maji ya kioo kutwa nzima anaandika vipimo vya kazi yako kwenye kiganja.

Nilirudi siku moja ya mvua, nimebana kwapani mfuko mkubwa wa nailoni wa kuifunikia. Alikuwa ameisimamisha mezani. Kwa sekunde chache niliona kitu kizuri kuliko nilivyotarajia: pembe za fremu zimekutana sawasawa, hata ukucha haupenyi, kioo safi, mikunjo imesimama inapumua. Kisha nikaona basi halina barabara. Linaelea. Magurudumu yamekaa juu ya mbao ya fremu, na kanga haipo. Umebaki uzi mwekundu mmoja umechungulia pembeni.

Nikamuuliza, "Fundi, chini hapa palikuwa na kanga."

Akasema, bila kugeuka, "Nimekusafishia dada. Pale palikuwa na tambara, kioo hakikufika."

Yaani kioo alishakikata kwa kipimo cha kiganjani, kikapungua kama vidole vitatu, na badala ya kukata kioo kingine akakata kazi yangu. Kioo kina thamani, kanga ya marehemu haina. Nikamwambia ni ya bibi yangu, ina jina, ndiyo iliyobeba picha nzima. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka na sikuona haya. Akaniangalia, akasema, "Sasa si takataka zote hizi? Vizibo, maboksi. Utaokota nyingine."

Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa na picha za Tingatinga, tembo na ndege wenye madoadoa, zote kwenye fremu zake nzuri. Nikamwonyesha. Nikamwambia Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hapa hapa Dar, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya mafundi ujenzi na mafundi baiskeli. Angekuletea wewe ungemwambia ni takataka? Akanijibu, "Ile ni sanaa, dada. Inauzwa."

Hilo neno ndilo lililonikalisha macho usiku. Kolaji nzima imejengwa juu ya vitu ambavyo mtu mwingine amevitupa. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake kubandika tu. Mchoraji Picasso mwaka 1912 alibandika kwenye turubai kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa kiti cha kusuka, na pembeni badala ya fremu akazungusha kamba. Kamba! Mjerumani Kurt Schwitters alibandika tiketi za tramu na karatasi za barabarani, leo ziko kwenye majumba ya makumbusho. Hakuna aliyechukua wembe akawasafishia. Na mimi sijifananishi nao, nasema tu kwamba anayekaa kwenye biashara ya fremu anapaswa kujua kuwa kilichobandikwa kimebandikwa kwa makusudi. Kama hujui, uliza. Namba yangu aliikalia.

Nililipa. Ndiyo, 20,000 iliyobaki nililipa yote, kwa sababu koo lilikuwa limenikaba na nilitaka kutoka tu. Hilo nalo linaniuma.

Nikiwa nje chini ya bati nasubiri mvua ipungue, akanifuata dogo anayejifunza kazi pale, kijana wa kama miaka kumi na sita. Alikuwa ameingiza mkono kwenye pipa la vipande vya vioo, kidole kinatoka damu kidogo, kashika ukanda wa kanga. "Dada, nimepata huu. Ule mwingine sijauona." Nikaukunjua. WEMA HAUO. Herufi mbili za mwisho zimekwenda na kisu. Nikataka kumpa elfu tano akakataa. Aliuliza kitu kimoja, ile mikunjo niliipigaje ikalingana. Nikamkunjia kwenye karatasi ya risiti hapo hapo: unaikunja nusu, nusu tena, halafu unageuza kila mstari wa pili. Akaifungua na kuifunga mara mbili tatu, mpaka bosi alipomwita.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Bado nasema hivyo kwa yeyote mwenye kitu kisichopatikana tena: barua, picha ya marehemu, kitambaa. Ukienda hata hivyo, piga picha kazi yako mbele yake, andika vipimo wewe kwa penseli kwenye mgongo wa kadibodi, na uandike USIKATE kwa herufi kubwa. Kwa bango la kawaida au picha ya harusi sina neno, yule mtu mkono anao. Na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana angekuwa fundi mbovu ningeshamsahau.

Nimejaribu kwingine. Fundi wa kwanza alitaka kuifungua kwa nyundo. Wa pili aliitazama nyuma, akaona vile vijiti na misumari ilivyofichwa, akasema, "Hii mrudishie aliyefunga, mimi nitakuvunjia." Mama bado hajaiona. Nimemwambia inakauka.

Ukanda nimeulaza ndani ya kitabu kizito unyooke. ZI nitaibandika kwa herufi za gazeti, najua itageuka njano kabla ya kanga, iache igeuke. Z nimeipata kwenye kichwa cha habari cha gazeti la zamani la babu, kwenye neno Mwanza. I ya ukubwa huo bado naitafuta. Nikiipata napeleka pale pale Kinondoni, asubuhi wakifungua, na sitaketi mpaka nione msumari wa mwisho umeingia.