Friza ya laki tatu na arobaini, na kijana wa kofia nyekundu

Nauza chakula na juisi ya ubuyu jirani na stendi ya daladala Sabasaba, na friza yangu ikafa Oktoba, mwezi ambao Dodoma hata kivulini kuna joto. Dukani niliulizia friza ya kulala nikaambiwa laki saba na nusu. Nikashukuru, nikatoka. Siku tatu baadaye gari la matangazo likapita mtaani: mnada wa hadhara Jumamosi, saa nne kamili, mafriji, televisheni, cherehani, pikipiki. Mahali ni yadi moja upande wa Kizota. Jina la wenyewe nabaki nalo, maana kuna jambo nitalisema ambalo sina ushahidi wa kulipeleka popote.

Nianze na mazuri. Ijumaa wanaruhusu kukagua mali. Wengi hawaendi, wanakuja Jumamosi na kuona kitu kwa mbali juu ya vichwa vya watu. Mimi nilikwenda na fundi wangu wa mafriji, nikampa elfu kumi. Akaomba umeme wa kujaribia, walinzi wakampa soketi bila maneno. Baada ya nusu saa akaniambia, "Mama, kompresa nzima. Gesi imepungua na mpira wa mlango umekakamaa. Usipite laki tatu." Mbili zilizokuwa pembeni, nyeupe kuliko ile, akasema zimekufa, zimesuguliwa sabuni tu. Kesho yake zote ziliuzwa, moja laki tatu na themanini. Roho iliniuma, lakini pale si mahali pa kunong'onezana.

Kila kitu kinauzwa kama kilivyo na mahali kilipo. Maneno hayo yamebandikwa getini na yamo kwenye risiti. Maana yake friza ikikugomea nyumbani, hiyo ni yako na Mungu wako.

Unaacha elfu hamsini ya dhamana dirishani, unapewa kibao cha namba. Dada niliyekaa naye alikosa cherehani, akarudishiwa yote palepale. Saa nne yao ilikuwa saa sita kasorobo, turubai moja kwa watu zaidi ya mia. Choo sitakisema.

Dalali mwenyewe mdomo anao. Niliposita kwenye laki mbili na sitini akasema kwenye spika, "Mama wa kitenge cha njano anawaza baba atasema nini." Watu wakacheka, na mkono wangu ukapanda wenyewe. Mume sina, na elfu kumi ikaongezeka.

Sasa lile jambo. Tulianzia laki moja. Kwenye laki mbili na nusu tulibaki wawili, mimi na kijana wa kofia nyekundu. Kijana haiangalii friza, anamwangalia dalali. Nikitaja, anapanda, nikitaja, anapanda. Nilipofika laki tatu na arobaini akanyamaza. Moja, mbili, tatu, nyundo ikalia. Nikajisemea, haya, nimemshinda. Lakini kofia ile ile niliiona tena kwenye jiko la gesi, kwenye televisheni, kwenye kitanda cha sita kwa sita, kila mara anakuwa wa pili, na hakubeba hata kijiko. Saa tisa nikisubiri kirikuu, kigari cha mizigo cha kunibebea friza, nikamkuta nyuma ya ofisi, anakula wali sahani moja na wabeba mizigo wa pale.

Mdogo wangu aliyesoma sheria UDOM alinicheka kwanza, halafu akanieleza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hairuhusu mwenye mali kushindania mali yake, wala kumtuma mtu amshindanie, bila kutangaza mapema kwamba haki hiyo ameibakiza. Akifanya kimyakimya, mnunuzi ana haki ya kuuhesabu mnada huo kuwa wa udanganyifu. Kumthibitisha kofia nyekundu katumwa na nani, hiyo sasa ndiyo kazi. Lakini kuna lingine, nami ningelijua mapema ningepona: mpaka nyundo igonge, dau lako unaruhusiwa kuliondoa. Mimi nilidhani ukishatamka umefungwa. Dalali alipohesabu, kati ya mbili na tatu nilikuwa na nafasi ya kusema nimeghairi, nikabaki nimeshika kibao.

Msalato, tunakokwenda Jumamosi kununua mbuzi na kula nyama, napo tunapaita mnadani, ila nyundo haipo. Unatajiwa bei, unapunguza, unaondoka, unaitwa. Ujanja wangu wote wa sokoni umejengwa kwenye kule kuondoka. Kizota ukiondoka, hakuna anayekuita.

Risiti ya kwanza waliniandikia kwa mkono, kikaratasi bila jina langu wala namba ya mali. Nikakataa kutoka mpaka nikapewa ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Dai yako, maana kitu cha mnadani bila karatasi kinaweza kukupeleka polisi kujieleza.

Hesabu: friza 340,000, fundi kukagua 10,000, gesi na mpira mpya 75,000, kirikuu 20,000. Jumla 445,000. Dhidi ya dukani nimeokoa 305,000, na juisi inaganda mpaka naipunguza. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne waliimeza wao kwa kofia nyekundu. Nitarudi, cherehani naitaka, ila safari hii bei yangu ya mwisho nitaiandika kiganjani.

Vitu vingi vya pale ni vya kina mama waliochukua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, wakashindwa marejesho. Ndani ya mfuniko wa friza yangu mtu ameandika kwa kalamu nzito: barafu 100, mtindi 500, na chini yake, Mama J bado hajalipa. Bei nimezifuta. Mama J nimemwacha.