TAHADHARI: Tapeli anayeuza "nafasi ya uhakika" kwenye rufaa za shule za grammar

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, hasa wenye watoto wa mwaka wa sita, someni hii kabla hamjamtumia mtu yeyote hela.

Tarehe 1 Machi tulipata majibu ya sekondari. Binti yangu alifikisha alama za 11+, yaani mtihani wa kuingia shule za grammar (sekondari za serikali zinazochagua watoto kwa mtihani), lakini nafasi hakupewa: waliofaulu walikuwa wengi kuliko viti. Alilia mpaka akalala na sare ya shule. Nikiwa bado na uchungu huo, mama mmoja ninayemwamini akanipa namba ya "mshauri wa rufaa", Mswahili mwenzetu. Naye huyo mama alipewa na mtu mwingine, simlaumu.

Yule bwana ana sauti ya upole. Akaniambia, "Dada, hilo dogo, kwenye jopo nina mtu wangu." Bei pauni 800, nusu kwanza. Akanikataza kabisa kupiga simu shuleni au kujaza fomu mwenyewe, eti nitamharibia mipango. Nikatuma 400 kwenye akaunti yake binafsi.

Baada ya wiki mbili akanitumia kwa WhatsApp "nakala ya rufaa". Nikaisoma jikoni, nimesimama. Ilimzungumzia mtoto wa kiume anayepiga fidla, ambaye baba yake ana kisukari. Mwanangu ni wa kike, fidla hajawahi kuishika, na baba yake ni mzima. Ilikuwa barua ya mtoto wa watu, na siri za ugonjwa wa nyumba yao zimo humo! Nilipomuuliza akasema ni makosa ya kuchapa, niongeze 150 arekebishe.

Kesho yake nikampigia karani wa rufaa. Hakuna rufaa iliyopokelewa kwa jina la mwanangu. Siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa imebaki siku nne.

Sasa jueni haya, maana mimi sikuyajua. Kukata rufaa ni bure. Mzazi hupewa angalau siku 20 za shule tangu ajulishwe kwamba amekosa nafasi. Jopo lina watu watatu au zaidi wasiofungamana na shule, na uamuzi wao unaibana shule. Kwanza shule inaeleza kwa nini haiwezi kuongeza mtoto, kisha wewe unaeleza kwa nini mwanao anaihitaji shule hiyo hasa. Kwa hiyo barua iliyoandikiwa mtoto mwingine haina kazi. Kinachosaidia ni ripoti za mwanao, maneno ya mwalimu wake, barua ya daktari kama ipo. Unaruhusiwa kwenda na rafiki au mshauri, na wapo washauri wa kweli wanaolipwa, lakini hakuna anayeweza kukuahidi ushindi. Akikuambia ana mtu ndani ya jopo, kata simu.

Rufaa niliiandika mwenyewe usiku ule, nikaituma kabla ya muda kwisha. Hatukushinda. Lakini walimsikiliza mwanangu kama yeye alivyo, na jina lake tumeliacha kwenye orodha ya kusubiri, ambayo kisheria lazima idumu angalau hadi 31 Desemba. Hiyo nayo ni bure, msikubali kuuziwa.

Kuhusu hela: kama nawe umetuma, iambie benki yako leo kwamba umetapeliwa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kuwarudishia wengi wa wanaodanganywa wakatuma pesa kwa njia hii, ili mradi wadai ndani ya miezi 13. Mimi nimeshapeleka madai yangu. Jina lake siliandiki hapa, benki wanalo.

Na kama ni wewe mzazi wa yule kijana wa fidla, nitafute kwa ujumbe wa faragha. Barua yenu ninayo, sijamwonyesha mtu.