Laptopu ya daraja la juu, herufi “a” inajirudia, na fundi ananiuliza kama nakula juu yake

Nimekasirika, na sitaki kungoja hasira ipoe ndipo niandike, maana ikipoa nitaanza kuitetea hii mashine kama nilivyoitetea kwa kila aliyeniuliza habari zake tangu niinunue.

Sifa za kiwandani mtazisoma kwenye boksi. Mimi naandika manukuu ya video, yale maneno yanayopita chini ya skrini. Kutwa nzima vidole viko kwenye kibodi huku video nzito inacheza, inasimama, inarudi nyuma, inacheza tena. Kwa kazi hiyo nahitaji kibodi isiyokosea na prosesa isiyochoka, basi. Ndiyo maana nikachukua ile ya juu kabisa kwenye orodha yao. Sikulipia wembamba wala rangi.

Kilichoharibika ni kitufe kimoja. Herufi a.

Ilianza miezi michache baada ya kuinunua. Unabonyeza mara moja, zinatokea mbili. Na si kila mara, hilo ndilo linaloumiza. Ingekuwa kila mara ningejua pa kufuta. Hii inakaa kimya asubuhi nzima, unaanza kuiamini, halafu mchana inakuharibia ukurasa. Anayeandika Kiingereza angeteseka zaidi ikiharibika e. Sisi wa Kiswahili hatuna herufi tunayoigusa kuliko a. Hebu angalia sentensi yoyote hapa uhesabu. Na programu ya kukagua tahajia haina msaada, kwa sababu “kata” ni neno na “kataa” ni neno. Mhusika kwenye video anapiga kelele “kata kamba!” na chini ya skrini inasomeka “kataa kamba!” Mteja wangu alinirudishia faili nzima na ujumbe wa maneno machache ambao sitaurudia hapa.

Nywila ndiyo mbaya zaidi. Huko huoni herufi, unaona nukta tu. Nilifungiwa akaunti ya benki kwa kuingiza nywila sahihi.

Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini yake tabaka za plastiki zenye njia za umeme. Ukibonyeza, tabaka zinagusana. Mguso ule hautulii papo hapo, unadundadunda kwa muda mfupi sana, na saketi ya kibodi imepangwa kuupuuza mdundo huo. Vumbi likiingia au mguso ukichakaa, mdundo unapita muda uliopangwa, na kompyuta inahesabu umebonyeza mara mbili. Hakuna uchawi wala siri hapo. Mtu yeyote anayekaa kaunta ya matengenezo anapaswa kulijua hili kabla hajafungua mdomo kumlaumu mteja.

Sasa twende kwenye hiyo kaunta.

Nimefika na laptopu na risiti, waranti bado ipo. Kijana aliyekuwa pale hakuiwasha. Aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio lake, kisha akaniuliza, “Kaka, huwa unakula ukiwa unaandika?” Nikamwambia hapana. “Na chai?” Hapana. Akasema kitufe hakijirudii bila mtu kumwaga kitu, na kwamba hajawahi kuona. Halafu akamgeukia mwenzake, mimi nimesimama palepale nasikia, akamwambia, “Hawa wa kuandika sana wanazigonga kama taipureta.”

Hajawahi kuona! Apple walileta kibodi yao ya kipepeo, yenye vitufe vifupi sana vinavyoshikwa na kibanio chenye umbo la mabawa, mwaka 2015, vitufe vikawa vinakwama na kujirudia hadi mwaka 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure, na mwishoni mwa 2019 wakaanza kurudi kwenye mtindo wa mkasi, ambao kitufe kinashikwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana. Mwaka 2022 wakakubali kutoa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Laptopu yangu si ya kampuni hiyo, na kibodi yake ni ya mkasi tangu mwanzo. Lakini mtu anayefanya kazi hii akisema hajawahi kusikia herufi kujirudia bila chai kumwagika, ama hajui kazi au ananiona mimi sijui kitu.

Laptopu nyingi zina vistika vidogo vyeupe ndani, vikiguswa na maji vinageuka vyekundu. Nilimwomba afungue tuvitazame wote wawili. Akasema kufungua kunalipiwa kama tatizo limetokana na mteja. Yaani ameshaamua limetokana na mteja, kwa hiyo mimi ndiye nilipie ili ijulikane sikumwaga kitu. Nilikataa kuondoka. Baadaye akatoka dada mmoja, msimamizi wao, akaifungua bila maneno mengi. Vistika vyeupe vyote. Akasema, “Basi tutaagiza spea.” Yule kijana akaendelea na simu yake. Sikusikia samahani wala pole, na pole watu humpa hata aliyejikwaa barabarani wasiyemjua.

Na spea yenyewe, kwa herufi moja, ni sehemu yote ya juu ya laptopu. Kibodi imebanwa kwa ribiti, yaani pini ndogo zisizofunguka, nyingi kwenye bamba la alumini, betri nayo imegundishwa kwa gundi upande wa chini wa bamba hilohilo. Fundi hawezi kung'oa kibodi peke yake. Kwa hiyo kitufe kimoja kikiharibika, betri nzima inatupwa pamoja na bamba zima. Hili nalilaumu zaidi kuliko kitufe chenyewe. Walioichora waliamua hivyo wakijua.

Nikasubiri wiki nyingi, nikifanya kazi kwa mashine yangu ya zamani. Na hapo, niseme ukweli, niliikosa sana. Kibodi ile ikiwa nzima ni bora kuliko zote nilizowahi kuandikia: vitufe vinashuka kwa kina cha kutosha, vinarudi haraka, havipigi kelele, na vidole havichoki hata usiku. Kasi nayo ipo. Video ambayo mashine ya zamani inaikokota, hii inaipeleka mbele na nyuma bila kuganda, hata ikiwa haijachomekwa chaji.

Ila isiwe kazi ndefu. Ukiagiza itoe video nzima yenye manukuu, dakika za mwanzo inakwenda mbio, kisha prosesa inakaribia nyuzi 100, na ili isiungue inajipunguza yenyewe. Feni zinavuma, vitufe vya katikati vinapata moto wa kuhisi kwenye vidole, na muda uliobaki kwenye skrini unaanza kuongezeka badala ya kupungua. Laptopu nyembamba nyingi zina tabia hii, najua, joto halina pa kutokea. Lakini kwenye tangazo wanakuonyesha zile dakika za mwanzo tu. Hata hivyo ningeweza kuishi nayo. Ningewapa nyota nne, na hiyo moja niipunguze kwa sababu ya joto na kitufe.

Nilikwenda kuichukua na nia hiyohiyo. Nikaijaribu palepale kaunta, nikaandika a ukurasa mzima, haikujirudia hata kidogo. Bamba jipya, betri mpya, inang'aa. Nikaanza hata kumsamehe yule kijana. Ndipo akanisogezea karatasi ya kusaini, na kwenye mstari wa chanzo cha tatizo kumeandikwa: matumizi ya mteja.

Nilimwuliza nani ameandika hivi, wakati msimamizi wake mwenyewe aliona vistika vyeupe. Akasema mfumo una machaguo machache na hilo ndilo la kibodi. Nikamwambia abadilishe. Akasema haibadilishiki. Karatasi hiyo nikiisaini, siku kitufe kingine kikijirudia watafungua faili langu, watasoma kwamba mimi ni mharibifu wa kibodi, na waranti itaishia hapo.

Sijasaini. Laptopu iko kwao hadi sasa, nzima kabisa, na mimi ninaandika haya kwenye simu. Msimamizi ameniambia atalishughulikia. Wakiufuta huo mstari nitaichukua, na nikiichukua nitaipenda tena, najijua. Hata nyota nne huenda nikarudi kuwapa. Leo ni moja, na hiyo ni ya yule dada aliyeifungua.