Kayaki za kukodi Kilwa: chombo kizuri, ila uliza maji kwanza

Nianze na alama, mwenye haraka asichelewe. Kayaki zenyewe nazipa nyota nne kati ya tano. Makafi, mbili. Mwenye kukodisha, mbili na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu alipokea simu kila tulipompigia, hata siku tuliyompigia kwa hasira.

Tulikuwa watano, wote wa Lindi mjini: mwalimu, nesi, fundi seremala, binamu yangu mwenye duka la vipuri, na mimi. Tumekulia ufukweni lakini hakuna mvuvi hata mmoja kati yetu. Bahari yetu ni ile ya kuogelea Jumapili na kuvuka kwenda Kitunda kula samaki. Mpango ulikuwa siku nne mwanzoni mwa Novemba, kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kisha Songo Mnara, na kurudi kupitia Sanje ya Kati, tukilala kwenye mahema. Tulichagua Novemba kwa sababu ni tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Maji ya kule nayo yamekingwa na visiwa, hivyo mawimbi ya bahari kuu hayafiki kwa nguvu. Ukiyaona alfajiri unaweza kuapa ni ziwa.

Tulichagua pia wikiendi ya mwezi mpevu, ili tupate mbalamwezi na picha. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Tulikodi kayaki tatu za watu wawili, aina ile ya plastiki ngumu ambayo mtu anakaa juu yake, haingii ndani. Kila moja ina urefu wa kama mita nne. Bei ilikuwa shilingi 40,000 kwa kayaki kwa siku, pamoja na makafi na jaketi okozi, na tukaweka dhamana ya 100,000. Watu wanne walikaa kwenye kayaki mbili, na ya tatu akakaa fundi peke yake na mizigo yote. Tukaipa jina la Punda.

Kwa anayeanza, aina hii ndiyo ya kuchukua. Haipinduki hovyo, na ikipinduka unaigeuza na kupanda tena, huna haja ya kufua maji kama kwenye mtumbwi. Chini ya kiti ina vitundu, na maji yanayoruka ndani yanatokea humo. Siku ya kwanza binamu yangu aliviona vile vitundu akagoma kabisa kupanda, akasema hajawahi kuona chombo kinachotobolewa kiwandani. Ila mwenye kukodisha hakutuambia kwamba vitundu hivyo vinafanya kazi pande zote mbili. Ukizidisha mzigo, kayaki inashuka na maji yanapanda kwa kupitia humohumo. Punda alikuwa na madumu matatu ya maji ya kunywa, lita 20 kila dumu, hivyo maji peke yake ni kilo 60. Ongeza mahema, sufuria, jiko la gesi na fundi mwenyewe, ambaye si mwembamba. Hatujamaliza hata mita 200 kutoka Masoko, fundi alikuwa amekaa kwenye beseni. Alichofanya tulipofika Kisiwani ni kuchukua ndala iliyotupwa ufukweni, akaikata kwa kisu vipande vya umbo la kizibo, akaziba vitundu vyote. Vizibo vile vilikaa mpaka siku ya mwisho. Ukienda, beba ndala kuukuu.

Stoo ya mbele, kwenye omo, ina kifuniko chenye mpira. Mpira wa Punda ulikuwa umekauka na kupasuka. Unga kilo tano ulilowa siku ya kwanza ukawa uji wa chumvi. Mchele ulipona kwa sababu nesi aliuweka kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, na tangu hapo sina imani na stoo ya kayaki yoyote. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inatosha, na unaweza kuikalia jioni.

Makafi ni ya bomba la alumini, bapa mbili, yanaunganishwa katikati kwa kitufe. Mawili kati ya matano kitufe kilikuwa kimelegea, bapa moja inageuka upande wake na nyingine upande wake. Nesi alifunga moja kwa plasta ya hospitali. Jaketi okozi zilikuwa tano kama tulivyoahidiwa, moja haina kifungo. Tuliigomea, akaleta nyingine baada ya dakika ishirini. Usikubali kuambiwa "maji ni mafupi tu hapa."

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Kibali cha kuingia kwenye magofu ya visiwa vyote viwili tulikikata Masoko kabla ya kuvuka, na nawashauri msivuke bila hicho. Tuliingia majini saa tisa alasiri, maji yanakaribia kujaa, hakuna upepo. Kuvuka hadi Kisiwani ni kilomita kama mbili. Kitu cha kwanza kukikaribia ni Gereza, ile ngome iliyo karibu kabisa na maji, na ukiwa umekaa chini namna ile inaonekana kubwa kuliko unavyoiona ukiwa kwenye boti. Kwa kuwa jua lilikuwa bado lipo, tulipiga kafi kufuata ufuko hadi chini ya Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani. Nimeshafika Husuni Kubwa kwa miguu mara mbili, pamoja na wanafunzi na mwongozaji, tukaelezwa habari za sultani al-Hasan ibn Sulaiman na bwawa lake la pembe nane. Lakini sikuwahi kuelewa kwa nini mtu ajenge jumba pale mpaka nilipoliangalia kutoka majini. Liko juu ya mwamba, linatazama mlango wa bahari wote. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na wageni wa enzi zile walikuja kwa bahari. Mimi nilikuwa nimelizoea kwa kutokea mgongoni.

Usiku tulilala karibu na kijiji kwa ruhusa ya mwenyekiti, ambaye hakutaka hela, alitaka tu kujua majina yetu na tunaondoka saa ngapi. Mwezi ulitoka mkubwa kama sinia. Tulipiga picha mpaka usubi wa mikokoni ukatufukuza ndani ya mahema. Dawa ya mbu haiuwezi usubi. Mafuta ya nazi mazito yalisaidia kidogo.

Sasa Jumamosi. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kuelekea kusini, upande wa Songo Mnara. Kwa simu ya mwalimu, njia tuliyopita ilikuwa kama kilomita 15. Maji yalikuwa kioo, tunakwenda tunaimba, kila mtu anajiona nahodha. Karibu saa nne tukawa tunaiona mikoko ya kisiwa mbele yetu, na kafi langu likagonga chini. Nikadhani jiwe. Nikapiga tena, matope. Nikageuka kuangalia nyuma, na kule tulikotoka kulikuwa kumeanza kuota mchanga.

Tuliamua kuvuta. Hilo lilikuwa kosa la pili. Matope ya mikokoni yanameza mguu mpaka gotini, na ukichomoa mguu kiatu kinabaki. Chini kuna magamba ya chaza yanayokata kama wembe. Kayaki tupu wawili wanaiinua, lakini Punda na madumu yake, watu watano tulimsogeza labda mita 100 kwa saa nzima. Nesi alikatwa kisiginoni, plasta iliyobaki ikaishia hapo. Mwishowe tulikaa juu ya kayaki zetu katikati ya nchi kavu, jua la saa tano linatupiga, kama watu wanaosubiri basi.

Akatokea mzee mmoja anatoka kuwinda pweza, ana mkuki wake na pweza wawili kwenye kamba. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba huku anaziangalia kayaki, anatuangalia sisi, hasemi neno. Kisha akauliza nani ametuambia tuje siku ile. Mwalimu akamwambia tulifuata mwezi.

"Mwezi mmeufuata," akasema, "maji hamkuyauliza."

Akatueleza kwa dakika mbili kitu ambacho aliyetukodisha angeweza kutueleza kwa dakika moja. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, na mtu mwenye chombo kidogo na mzigo anaweza kwenda saa yoyote bila kuadhirika. Yaani sisi tulikuwa tumechagua siku mbaya kuliko zote za mwezi, tukachagua na saa mbaya kuliko zote za siku hiyo, kwa ajili ya picha. Nami ni mtu wa Lindi! Bamvua nalijua kwa jina tangu utotoni. Nilikuwa sijawahi kulihitaji.

Tulimwomba akae nasi siku zilizobaki kwa 30,000 kwa siku. Hizi ndizo hela bora tulizotumia safari nzima, na ndiyo maana naona kayaki bila mwenyeji ni nusu ya huduma. Saa nane mchana maji yalirudi yenyewe, taratibu, yakatuinua palepale tulipokaa, tukaingia mikokoni bila jasho. Mzee alipanda Punda pamoja na fundi. Alilitazama kafi la bapa mbili, akalichomoa katikati, akanirudishia nusu, akapiga kafi kwa nusu iliyobaki kama yuko kwenye mtumbwi wake. Alitupita wote. Kile kitufe kilicholegea kilimfaa yeye tu.

Magofu ya Songo Mnara tuliyaona Jumapili asubuhi wakati maji yamepwa, yaani saa ambayo hakuna pa kwenda. Sitayaeleza sana, nendeni. Niseme tu kwamba Kisiwani unaona misikiti na majumba ya wakubwa, lakini Songo Mnara unaona nyumba. Unaingia mlangoni, unakuta baraza la ua, unakuta vyumba vya ndani na vishubaka ukutani vilivyochongwa kwa matumbawe, na unaweza kukisia mgeni alikalishwa wapi na aliishia wapi. Fundi wetu alikaa nusu saa akipapasa kingo za mlango mmoja, akisema yeye na msasa wa umeme hafikishi ulaini ule. Visiwa hivi viwili viliingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini siku ile tulikuwa sisi watano, mzee, na mbuzi.

Kurudi tulirudi kwa ratiba ya mzee. Jumapili tuliondoka saa nane na nusu, maji yanajaa, tukalala Sanje ya Kati. Hapo katikati upepo wa matlai ulivuma tukapata vijiwimbi vya ubavuni kwa muda wa saa moja, na nikashukuru upana wa kayaki hizi, maana hazikutetereka. Ubaya wa upana huo ni kwamba ni nzito kusukuma ukiwa na upepo usoni. Viganja vyangu vilitoa malengelenge manne. Viti vya mgongo ni kamba na sponji, baada ya saa mbili unatamani kusimama. Chukueni mto mdogo.

Jumatatu tulilala mpaka saa sita, tukala wali na pweza, tukavuka kurudi Masoko maji yakiwa yanapanda. Tulipofika saa kumi kasorobo, mwenye kukodisha alikuwa ufukweni anatusubiri, akapiga magoti kukagua chini ya kayaki. Mikwaruzo ya chaza ilikuwa mingi, siwezi kukataa. Akataka 60,000 kwenye dhamana. Nikamwonyesha mpira wa stoo uliopasuka, nikamwonyesha kafi lenye plasta, nikamkumbusha kwamba tulipomuuliza saa nzuri ya kuondoka alijibu "saa yoyote, bahari ni yenu." Tukamalizana kwa 20,000, na vizibo vya ndala akatuomba tumwachie.

Nimeshaweka nafasi ya Januari, kayaki mbili tu safari hii, wiki ya mwezi nusu. Picha za usiku zitakuwa mbaya. Mzee nimeshampigia, amesema atakuja na kafi lake.